Kabla Hujakabidhi Barua: Bondi ya Mafunzo na Hesabu Zake

Kazi mpya imepatikana, mshahara umepanda na tarehe ya kuanza imetajwa. Ndipo unaikumbuka ile karatasi ya bondi uliyosaini kampuni ilipokulipia kozi: ukiondoka kabla ya muda fulani, utarudisha gharama. Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wako wanaoondoka kimyakimya wakitumaini kwamba hakuna atakayefukua faili, na wako wanaoingiwa na hofu wakabaki mahali ambapo moyo umekwisha kuhama. Njia zote mbili zina gharama. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuondoka mchana kweupe, alipe anachodaiwa kwa haki, na asiongeze hata shilingi moja juu yake.

Kwanza elewa deni linatoka wapi. Kuacha kazi peke yake hakukuwekei deni la mafunzo. Makubaliano ndiyo yanayoliweka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 haimlazimishi mfanyakazi aliyesomeshwa kurudisha fedha za watu, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ni hivyo hivyo. Kwa hiyo meneja akikwambia “ulisomeshwa kwa fedha za kampuni, huwezi kuondoka hivi hivi”, muulize kwa adabu: makubaliano yako wapi? Kama hayapo, shukrani unaweza kuwa unadaiwa, lakini fedha ni habari nyingine.

Pili, bondi hudai fedha, haimdai mtu mwenyewe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Ya Kenya inakataza katika ibara ya 30. Mwajiri anaweza kukutumia hesabu, anaweza hata kukupeleka kwenye vyombo vya sheria, lakini hana uwezo wa “kukataa” notisi yako halali ya kuacha kazi. Ukiwa na ajira ya kudumu inayolipwa kwa mwezi, notisi ya siku 28 ndiyo kiwango cha chini katika nchi zote mbili, isipokuwa kama mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Mwenye ajira ya muda maalumu ana suala la pili juu ya hili, maana kuondoka kabla ya mwisho wa mkataba kunaweza kuwa uvunjaji wa mkataba wenyewe. Asiyachanganye mawili hayo mezani, kwa kuwa kila moja lina hesabu yake. Na msomaji wa Zanzibar akumbuke kwamba kwake inatumika Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, siyo ya Bara.

Nisieleweke vibaya. Mwenye gereji anayempeleka fundi wake kujifunza magari ya haibridi, akamlipia nauli na malazi, kisha fundi akahamia kwa jirani mwezi unaofuata, ameumizwa kweli. Bondi ya haki inamlinda mtu huyo, na pasingekuwa na bondi kozi nyingi zisingelipiwa kabisa. Ugomvi wangu ni na bondi zilizogeuzwa kuwa faini ya kuacha kazi.

Itafute karatasi yenyewe

Usitegemee kumbukumbu. Makubaliano haya hujificha mahali pengi: kuna mkataba wa mafunzo wenye kichwa chake, kuna ibara moja ndani ya mkataba wa ajira, kuna kitabu cha sera za kampuni ambacho mkataba wako unakitaja, na kuna fomu ya kuombea mafunzo yenye maandishi madogo chini ambayo uliisaini kwa furaha ya kuchaguliwa. Kama hapo kazini pana chama cha wafanyakazi, angalia pia mkataba wa hali bora. Omba nakala ofisi ya rasilimali watu ukiwa bado hujatangaza lolote. Kuweka faili lako sawa ni haki yako na huhitaji sababu nyingine.

Ukiipata, isome ukiwa na kalamu. Je, inataja kozi uliyosoma kwa jina, au inasema tu “mafunzo yoyote”? Inataja kiasi, au inasema “gharama zote” bila kueleza ni zipi? Muda wa kutumikia unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kusaini, siku ya kumaliza kozi, au siku ya kuripoti tena kazini? Tofauti ya tarehe hizo tatu inaweza kuwa miezi kumi, na miezi kumi ni fedha. Je, deni linapungua kadiri unavyotumikia, au ni lile lile hata ukiondoka wiki moja kabla ya mwisho? Inahusu kuacha kazi kwa hiari tu, au inasema “kwa sababu yoyote”? Umeridhia kukatwa kwenye mshahara? Na kuna mdhamini aliyesaini?

Hili la mdhamini husahaulika mpaka shemeji anapopigiwa simu na wakili wa kampuni. Kama kuna mtu aliyekuwekea dhamana, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba unaondoka, kabla hata ya bosi wako. Asisikie kwa watu.

Angalia pia kama wewe mwenyewe ulisaini, na lini. Karatasi iliyoletwa baada ya kozi kumalizika, ukaambiwa saini au mshahara unasimama, ina udhaifu mkubwa kisheria. Mkataba unahitaji ridhaa ya hiari, na kila upande uwe umetoa kitu kwa ajili ya ahadi ya mwenzake. Usiichane wala kuitupa karatasi ya namna hiyo. Iweke, uandike pembeni kumbukumbu ya siku na mazingira uliyoisaini.

Hesabu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hupokea tarakimu iliyotajwa na ofisi kama vile imeshuka kutoka mbinguni.

Tuchukue mfano. Kampuni imelipa ada 6,200,000, tiketi ya ndege 1,900,000 na posho ya kujikimu 1,500,000. Jumla ni shilingi 9,600,000. Bondi ni ya miezi 24 na inapungua mwezi kwa mwezi. Gawa 9,600,000 kwa 24 upate 400,000 kwa mwezi. Ukiwa umetumikia miezi 15, imebaki tisa, na deni ni 3,600,000. Si milioni tisa na laki sita, hata kama ndiyo tarakimu iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa ingia ndani ya hizo 9,600,000. Omba ankara na risiti. Gharama ni kile kilichotoka kweli mfukoni mwa kampuni kwa ajili yako. Kama mkufunzi aliletwa ofisini akawafundisha watu ishirini kwa malipo ya pamoja, sehemu yako ni moja ya ishirini. Kama tiketi ilifadhiliwa na muuza mashine, haikulipwa na mwajiri. Kama kampuni imesajiliwa kwa VAT na ilikwisha kujirudishia kodi hiyo kwenye ankara ya mafunzo, VAT hiyo si gharama iliyobaki kwake. Kenya kuna swali jingine la kuuliza: waajiri huchangia tozo ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayosimamiwa na mamlaka ya NITA, na mwajiri aliyetimiza masharti anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za kozi zilizoidhinishwa. Kilichokwisha kurudishwa na NITA hakifai kudaiwa mara ya pili kwako.

Kisha kuna mshahara wa wakati wa masomo. Bondi nyingi, hasa za masomo marefu, zinadai pia mishahara uliyolipwa ukiwa darasani. Kama ulisaini hivyo, angalau uulize ni mshahara upi: ule wa kwenye mkataba, au ule ulioingia benki baada ya kodi na michango ya hifadhi ya jamii? Kurudisha fedha ambazo hazikuwahi kufika mikononi mwako ni jambo la kupinga bila aibu. Na kama ulikuwa unasoma jioni na mchana uko kazini kama kawaida, mishahara hiyo uliitolea jasho. Haina nafasi katika hesabu ya mafunzo.

Tazama vilevile tarehe ya mwisho. Utumishi wako unakoma siku ya mwisho ya ajira, siyo siku uliyokabidhi barua, kwa hiyo kipindi cha notisi kinaingia kwenye hesabu ya miezi uliyotumikia. Likizo nayo ni utumishi. Kwa sheria ya Tanzania Bara, notisi haitolewi ukiwa likizoni wala haiendi sambamba na likizo. Mwenye likizo yake ya siku 28 anaweza basi kwenda kwanza, arudi, ndipo atoe notisi ya siku 28. Kwa mfano wetu wa laki nne kwa mwezi, mpangilio huo unapunguza deni zaidi ya laki saba bila ugomvi na mtu. Uliza pia kama kazi mpya inaweza kukusubiri wiki chache. Aliyebakiza miezi miwili ya bondi na akaondoka kwa haraka ya siku kumi anajilipisha mwenyewe.

Vipi kama bondi haipungui, au inadai kiasi kikubwa kuliko gharama yenyewe, kwa mfano “mara mbili ya ada”? Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema kwamba hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayedai hupewa fidia ya kiasi kinachostahili, na haiwezi kuzidi kiasi kilichotajwa. Yaani tarakimu ya kwenye bondi ni dari. Kenya, ambako sheria ya mikataba imejengwa juu ya msingi wa Kiingereza, mahakama nazo hutofautisha kati ya makadirio ya haki ya hasara na adhabu iliyowekwa kumtisha mtu asiondoke. Hoja yako ni rahisi kuisema hata bila wakili: kampuni imefaidi ujuzi wangu kwa miezi 15 kati ya 24, hasara yake haiwezi kuwa sawa na ya mtu aliyeondoka siku ya pili.

Mafunzo ambayo si yako kulipia

Kuna tofauti kati ya kukusomesha na kukuonyesha kazi. Wiki ya kwanza ya kutambulishwa ofisi, siku tatu za kujifunza mfumo wa mauzo ambao haupo kwingine kokote, semina ya bidhaa mpya: hayo ni matumizi ya kawaida ya biashara. Mafunzo ya usalama na afya kazini ndiyo kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007 zinaweka wajibu wa mafunzo hayo kwa mwajiri. Kumwambia mtu wa kiwandani arudishe gharama za kufundishwa kuzima moto ni kumhamishia mfanyakazi mzigo ambao sheria imemtwisha mwajiri.

Upande wa pili kuna mitihani ya uhasibu ya NBAA au KASNEB, leseni ya rubani ya aina fulani ya ndege, cheti cha kuendesha kreni, shahada ya uzamili. Hivi unaondoka navyo, na soko linavilipia. Hapo bondi ina uzito, na nakushauri usipoteze nguvu kubishia kama unadaiwa, bishania kiasi.

Usichanganye pia na mkopo wa elimu ya juu. Makato ya bodi za mikopo, HESLB au HELB, hayamhusu mwajiri huyu kama mdai. Yeye alikuwa mkataji tu, na mwajiri ajaye ataendelea pale pale.

Barua

Zungumza kwanza na bosi wako, ana kwa ana, siku hiyo hiyo utakayokabidhi barua. Si lazima kisheria, lakini meneja aliyeshtukizwa na barua kutoka masijala hufungua faili akiwa na hasira, na yule aliyeambiwa kwa heshima huwa tayari hata kusamehe miezi miwili mitatu. Katika mazungumzo hayo usitaje kiasi. Sema unaondoka, sema unajua kuna bondi, sema ungependa mlimalize vizuri.

Barua yenyewe iwe fupi. Inaweza kusomeka hivi:

*Ndugu Meneja Rasilimali Watu,*

*YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI NA HESABU YA GHARAMA ZA MAFUNZO*

*Natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe …*

*Natambua kwamba tulisaini mkataba wa mafunzo tarehe … Naomba nipatiwe kwa maandishi mchanganuo wa gharama halisi zilizolipwa kwa ajili yangu, nakala za ankara na risiti, na hesabu inayoonyesha miezi niliyokwisha kuitumikia. Nikiupokea nitajibu ndani ya siku saba ili tukubaliane kiasi na utaratibu wa malipo.*

*Naomba pasifanyike makato yoyote ya mafunzo kwenye mshahara wala stahiki zangu za mwisho kabla hesabu hiyo haijakubaliwa na pande zote mbili.*

*Nashukuru kwa nafasi niliyopewa ya kujifunza na kufanya kazi hapa.*

Angalia kilichoandikwa: “natambua kwamba tulisaini”. Hakuna mahali palipoandikwa “nakiri kudaiwa”. Kukiri deni kwa maandishi kabla ya kuona hesabu ni kujifunga, kwa sababu baadaye mdai hatahitaji kuthibitisha lolote ila saini yako. Kwa sababu hiyo hiyo, usijibu kwa ujumbe wa simu usiku wa manane ukiwa na uchovu, “sawa bosi nitalipa zote”. Ujumbe huo ni ushahidi. Peleka nakala mbili za barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kama kuna mwajiri mpya, huu ndio wakati wa kumuuliza kama atabeba deni, kabla hujasaini mkataba wake. Wapo wanaokubali, hasa pale ujuzi wenyewe ni adimu. Ahadi yake iwe kwa maandishi, ieleze kama fedha zitalipwa moja kwa moja kwa kampuni ya zamani au zitapitia mshahara wako, kwa maana zikipitia mshahara zitakatwa kodi na hazitatosha. Soma pia kama hiyo nayo ni bondi mpya. Nimeona watu wakinunuliwa kutoka bondi ya mwaka mmoja na kuingizwa kwenye ya miaka mitatu, wakashangilia.

Mshahara wa mwisho

Mwajiri mwenye busara hakimbilii mahakamani. Anaushika mshahara wa mwisho. Ndiyo silaha iliyo karibu, na mara nyingi huitumia vibaya.

Tanzania Bara, makato kwenye ujira yanaruhusiwa pale tu sheria, mkataba wa hali bora, amri ya kima cha chini, amri ya mahakama au tuzo inaporuhusu, au pale mfanyakazi mwenyewe aliporidhia kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Basi rudi kwenye bondi: kuna sentensi inayoruhusu makato? Kama haipo, na hujasaini nyingine, mwajiri hana ruhusa ya kujilipa mwenyewe. Alipe stahiki zako kwanza, kisha adai. Pale makato yanapokuwa ya kufidia hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi ya sababu, kiasi na jinsi kilivyopatikana, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo ya ujira wa fedha. Hata kama kampuni itasema bondi si hasara ya namna hiyo, robo ni kiwango kizuri cha kutaja mezani mnapopanga malipo.

Kenya, sheria imeorodhesha makato yanayoruhusiwa. Marejesho ya mkopo wa fedha uliotolewa na mwajiri kwa makubaliano ya maandishi hayapaswi kuzidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine, na makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili. Kama gharama ya mafunzo ni “mkopo” au la ni jambo la kubishaniwa, na maneno ya mkataba wako ndiyo yatakayoamua.

Vitu viwili havifai kuguswa kabisa. Michango yako ya hifadhi ya jamii, iwe NSSF au PSSSF, iko mikononi mwa mfuko na si ya mwajiri kuizuia. Na cheti cha utumishi ni haki yako kwa sheria za nchi zote mbili unapoondoka, hakiwekwi rehani. Mwajiri wa Kenya anayekataa kukitoa kwa makusudi anatenda kosa la jinai. Kuhusu vyeti halisi vya shule ambavyo baadhi ya kampuni huvishika “mpaka bondi iishe”, vidai kwa maandishi mapema, ukiwa bado kazini. Ukishatoka getini, kila siku inayopita unakuwa mgeni zaidi.

Siku ya mwisho utaletewa fomu ya kusaini kwamba umelipwa stahiki zote na huna madai. Isome kama ulivyosoma bondi. Ikiwa kiasi kimekatwa usichokubaliana nacho, andika kwa mkono juu ya saini yako: “Nimepokea kiasi hiki bila kukubali makato ya mafunzo na bila kupoteza haki ya kuyadai.” Wakikataa uandike hivyo, usisaini, omba fedha ziingizwe benki na uandike barua siku hiyo hiyo.

Ukiondolewa, au ukichoshwa

Kama kampuni imekupunguza kazini au mkataba umeisha nayo ikakataa kuuhuisha, ni vigumu kuona ni haki gani iliyobaki nayo ya kudai miezi ambayo yenyewe imekunyima nafasi ya kuitumikia. Maneno “kwa sababu yoyote” yatatajwa dhidi yako. Yapinge.

Hali ngumu zaidi ni ya yule aliyeandika barua ya kuacha kazi kwa sababu maisha ya kazini yalifanywa hayavumiliki: mishahara haitoki, ananyanyaswa, ameshushwa cheo bila maelezo. Sheria ya Tanzania inaweza kuhesabu hilo kuwa ni kuachishwa kazi na mwajiri, hata kama barua ni yako. Lakini huwezi kulikumbuka jambo hilo miezi sita baadaye bondi inapodaiwa. Liandike ndani ya barua yenyewe ya kuondoka, ulalamike rasmi kabla yake, na uwahi muda unaotajwa hapa chini.

Mkishindwana

Bara, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA, yenye ofisi mikoani. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampa mwajiri, na shauri linaanza kwa usuluhishi. Huhitaji wakili kuanza. Lakini saa inakimbia: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mingine, kama huu wa fedha zilizokatwa, ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi. “Nilikuwa nasubiri HR anipigie” si sababu ya msingi, ingawa ndiyo ya kweli kwa watu wengi.

Kenya, ofisi ya kazi ya kaunti inaweza kusaidia mkae meza moja. Isipowezekana kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na madai yatokanayo na ajira yana ukomo wa miaka mitatu.

Mara nyingi hamtafika huko. Usuluhishi wa kweli ni pale unapoweka pendekezo mezani: nakubali 3,600,000, nitalipa laki sita kila mwezi kwa miezi sita, hii hapa tarehe ya kila malipo. Usiahidi kiasi ambacho mshahara mpya hauwezi, maana kuvunja ratiba uliyoandika mwenyewe ni kumpa mdai kesi nyepesi kuliko aliyokuwa nayo mwanzo.

Bondi za ughaibuni

Neno moja kwa manesi na walezi wa wazee walioajiriwa Uingereza. Kwa Wakenya, njia rasmi imewekwa na makubaliano ya Kenya na Uingereza ya Julai 2021. Mikataba ya huko huwa na ibara ya kurudisha gharama za mafunzo, mitihani na usafiri ukiondoka mapema. Mwongozo wa maadili wa serikali ya Uingereza kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unataka ibara hizo ziwe wazi tangu mwanzo, zidai gharama halisi tu, na zipungue kadiri muda unavyokwenda. Pia gharama za mafunzo yaliyo ya lazima kwa kazi hazipaswi kukatwa hadi kushusha malipo yako chini ya kima cha chini cha kitaifa. Mwajiri wa huko akikutishia kwamba ukiondoka na deni “utafutiwa viza”, tenganisha mambo hayo mawili: ni kweli viza imefungamana na ajira, kwa hiyo panga mwajiri mpya kwanza, lakini deni la mafunzo ni dai la fedha kama mengine.

Kama bado hujasaini

Hapa una nguvu kuliko utakavyokuwa nazo wakati wowote baadaye, kwa sababu nafasi ya kozi ni yako na wao wanataka uende. Omba mambo matatu tu: kiasi kitajwe kwa tarakimu na viambatishwe vielelezo, deni lipungue kila mwezi, na bondi isikuhusu ukipunguzwa kazini au ukiugua. Mwajiri mwenye nia njema atakubali yote kwa dakika kumi. Kuhusu urefu, mwaka mmoja kwa kozi ya wiki chache ni mwingi. Miaka miwili au mitatu kwa shahada ya uzamili iliyolipiwa yote inavumilika.

Baada ya malipo

Lipa kwa benki, kamwe usilipe taslimu mkononi mwa mtu, na kwenye maelezo ya malipo andika “marejesho ya mafunzo” na namba ya mkataba. Malipo ya mwisho yakiingia, dai barua ya kumaliza deni iliyosainiwa na mwenye mamlaka na kugongwa muhuri, inayosema kwamba bondi ya tarehe fulani imefungwa, kampuni haina dai lingine, na mdhamini, kwa jina lake, ameachiliwa. Mpelekee mdhamini nakala yake. Ya kwako iweke pamoja na bondi, mchanganuo na stakabadhi za benki, na usiitupe kabla ya miaka sita kupita, maana ndio muda ambao sheria ya ukomo ya Tanzania inampa mtu kufungua madai ya mkataba wa kawaida, na maofisa rasilimali watu hubadilika mara nyingi kuliko kabati zao za mafaili.